Shajara ya mradi: kufufua uwanja wa mbio za magari wa North Wilkesboro

Shajara hii inafuatilia kazi moja tu: kuurudishia uhai uwanja wa North Wilkesboro, kaunti ya Wilkes, jimbo la North Carolina, Marekani. Mimi si mkandarasi wa pale na hakuna anayenilipa kuandika. Naishi Greensboro, mkate wangu unatoka kwenye lami, na wenzangu wa klabu ya mbio za magari za autokrosi huko nyumbani wameniuliza mara nyingi kama kuna la kuiga. Lipo, ila si lile ambalo wengi hulikimbilia. Nilianza kuandika fedha zilipopitishwa mwaka 2021. Yaliyotangulia nimeyakusanya kwa ufupi ili msomaji asidandie gari likiwa mwendoni. Hatua za kawaida nazipita haraka. Palipoharibika, au palipobidi mpango ugeuzwe, ndipo ninapotua.

Vipimo kwanza, maana vitarudi rudi. Mzingo ni maili 0.625, yaani kilomita moja na mita chache. Kona zimeinuliwa nyuzi 14, sehemu zilizonyooka nyuzi 3. Mji wenyewe una watu wapatao 4,000.

Kabla ya mradi: 1947 hadi 1996

Uwanja ulijengwa na Enoch Staley na wenzake. Inasimuliwa kwamba walitenga dola 1,500, zikaisha kabla ardhi haijasawazishwa, wakaona basi, tuendeshe hivyo hivyo. Ndiyo sababu mpaka leo sehemu ya mbele inateremka na ya nyuma inapanda. Mbio za kwanza zilikuwa tarehe 18 Mei 1947, akashinda Fonty Flock. Mwaka 1949, NASCAR, shirika linaloendesha mbio kubwa za magari Marekani, ilipoendesha msimu wake wa kwanza wa magari ya kawaida, mbio za kufunga msimu zilifanyika hapa, na safari hiyo ushindi ukaenda kwa Bob Flock, wa nyumba ile ile.

Njia ilikuwa ya udongo mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950 ilipotiwa lami. Lami iliyokuja kusumbua mradi huu ilimwagwa mwaka 1981. Uushike mwaka huo.

Uwanja haukufa kwa kukosa watu wala kwa kuchakaa. Staley alifariki Mei 1995. Nusu ya hisa ikanunuliwa na Bruton Smith, nusu nyingine na Bob Bahre kwa dola milioni 8. Kila mmoja alikuwa na uwanja wake kwingineko, na alichokitaka hapa ni tarehe kwenye kalenda ya NASCAR. Uwanja ulikuwa na mbio mbili kubwa kwa mwaka: nafasi moja ikahamia Texas, nyingine New Hampshire. Tarehe 29 Septemba 1996 Jeff Gordon akashinda mbio za mwisho, zilizobeba jina la kampuni ya kuku, na lango likafungwa. Kuku ni biashara kubwa ya Wilkes, kwa hiyo hata wadhamini walikuwa wa nyumbani.

Naliweka hili mapema kwa ajili ya klabu yoyote inayotaka kufufua uwanja: kabla ya kuulizia bei ya lami, ulizia nani anamiliki tarehe. Uwanja mzuri usio na tarehe ni shamba la magugu linalosubiri mvua.

2010 hadi 2011: jaribio lililoshindwa

Mpangaji alikodi uwanja, akasafisha, akarudisha mbio za madaraja ya chini. Mwaka 2011 haujafika katikati akawa ameondoka kwa kukosa mtaji.

Siwezi kumlaumu. Uwanja wa namna hii unakula fedha kila siku, uwe na mbio au usiwe nazo: bima, paa, nyaya, mabomba, nyasi. Tiketi zinalipa siku ya mbio, haziwezi kulipa miaka 14 ya kutelekezwa. Jaribio lile lilionyesha kwamba watu wangekuja, na kwamba watu kuja peke yake hakutoshi.

Desemba 2019: magugu na vipimo

Dale Earnhardt Jr., dereva mashuhuri wa zamani wa NASCAR, alimwomba Marcus Smith, mtoto wa Bruton na mkuu wa kampuni ya Speedway Motorsports iliyokuja kuumiliki uwanja wote, ruhusa ya kuingia kusafisha. Hakukuwa na mpango wa mbio. Nia ilikuwa kuondoa majani ili kampuni ya iRacing ipite na mashine ya leza, ichukue umbo la njia kabla halijapotea, na kuliweka kwenye mchezo wa kompyuta. Watu wakajitolea, wakang'oa, wakafagia, leza ikapita. Tarehe 9 Mei 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa sababu ya korona, madereva wa kweli walikimbia North Wilkesboro wakiwa wameketi majumbani mwao. Denny Hamlin akashinda.

Junior Johnson, mwana wa Wilkes aliyeanza kwa kusafirisha gongo la familia usiku na akamaliza na ushindi 50 wa NASCAR, alifariki tarehe 20 Desemba 2019, mwezi ule ule wa usafi.

Gharama ya hatua hii ilikuwa nguvu za watu na kodi ya vifaa vidogo. Ukiitazama kwa jicho la ujenzi, hii ndiyo hatua ya kuiga neno kwa neno. Huwezi kukarabati kitu usichokipima. Leza iliandika kila bonde na kila nundu kama ilivyokuwa, kabla mtu yeyote hajaleta greda.

Neno kuhusu magugu, kwa sababu wengi hulikosea. Mzizi ukishaingia kwenye ufa wa lami unaupanua polepole, na ukiung'oa unaacha tundu safi la kupitisha maji. Kwa hiyo kung'oa ni nusu ya kazi. Fyeka, ua mzizi, puliza vumbi litoke, kisha ziba ufa kwa lami ya moto siku hiyo hiyo au inayofuata. Ukiacha ufa wazi majira ya mvua, afadhali ungeliacha jani.

Novemba 2021: fedha

Bajeti ya jimbo imetiwa saini na Gavana Roy Cooper. Dola milioni 18 kwa North Wilkesboro, milioni 13 kwa uwanja wa Charlotte, milioni 9 kwa uwanja wa Rockingham. Chanzo ni fedha za serikali kuu za kunusuru uchumi baada ya korona. Za North Wilkesboro zinapitia kaunti na zinalenga miundombinu, maji na majitaka yakiwa mbele.

Kwenye simu nimeulizwa: "Ndugu, milioni 18 za mabomba, na lami je?" Swali ni la haki, na jibu langu ni kwamba fedha zimekwenda mahali pake. Siku ya mbio mji wa watu 4,000 unageuka kuwa mji wa makumi ya maelfu kwa saa chache. Wote wanakunywa, wote wanakwenda chooni, na karibu wote wanakwenda kwa wakati mmoja, mbio zinaposimama. Mfumo wa majitaka wa miaka ya 1980 hauwezi kuhimili mkupuo huo. Lami mbovu itakupa malalamiko ya madereva. Choo kilichofurika kitakufungia uwanja, tena kwa amri ya afya, na huna pa kukata rufaa.

Kuna sababu nyingine, ya kisiasa. Bomba likishalazwa ni la kaunti. Kesho mwenye uwanja akibadili mawazo kama ilivyotokea mwaka 1996, tarehe inaweza kuhama, bomba haliwezi. Wilkes wameshaumwa na nyoka huyu zaidi ya mara moja. Kampuni ya maduka ya vifaa vya ujenzi ya Lowe's ilianzia North Wilkesboro mwaka 1921, ikakua mpaka ikawa jitu la biashara, kisha ikahamishia makao makuu Mooresville. Watu wa huku hawahitaji kufundishwa maana ya kuhamwa.

Agosti 2022: kufungua kabla ya kukarabati

Huu ndio uamuzi ulionishangaza, na sasa nauona kuwa wa busara kuliko yote. Badala ya kufunga, kujenga miaka miwili na kukata utepe, wamefungua kwanza. Mwezi mzima wa Agosti umepangiwa mbio za madaraja ya chini, juu ya lami ile ile ya 1981, huduma nyingi zikiwa za muda. Mpango uliotangazwa ulikuwa hivi: Agosti kwenye lami, kisha lami ing'olewe, Oktoba magari yakimbie kwenye udongo ulio chini yake kama zamani, halafu mwaka 2023 imwagwe lami mpya.

Tarehe 31 Agosti Earnhardt Jr. mwenyewe aliendesha gari namba 3. Tiketi ziliisha. Alimaliza wa tatu, mshindi akawa Carson Kvapil, kijana ambaye hakuwa amezaliwa uwanja ulipofungwa mwaka 1996.

Kilichopatikana kwa kufungua mapema:

Jaribio la mzigo. Magari yalipita kwa mwendo wa mbio juu ya lami ya miaka 41, ambayo ilikuwa imekaa robo karne bila kutunzwa. Ilitarajiwa ibanduke vipande vipande. Ilichubuka hapa na pale, lakini ilishika. Ripoti ya maabara ingeweza kubishaniwa, mwezi wa mbio haubishiwi.

Ushahidi wa watu. Aliyekuwa na shaka kama mashabiki wangerudi alijibiwa na foleni ya magari kwenye barabara ya 421.

Na orodha ya kasoro za kweli. Kila foleni ya choo, kila mahali watu walipokwama kutoka, kila kona ya maegesho iliyogeuka matope ni jambo ambalo mchoro usingelionyesha.

Tuliporuhusiwa kushuka njiani niliinama kuitazama lami kwa karibu. Utando wa juu ulikuwa umekwisha kabisa. Lami yenyewe, ile nyeusi inayoshikanisha kokoto, imekauka kwa jua na hewa mpaka imekuwa ya kijivu. Mchanga mwembamba umeondoka na maji, na kokoto zimebaki zimesimama vichwa nje. Ukipitisha kiganja kinakwaruzika. Hiyo ni msasa, na matairi yanailipa hesabu yake.

Septemba 2022: udongo watupwa

Tarehe 8 Septemba, jijini Raleigh, Gavana Cooper akiwepo, imetangazwa kwamba mbio za nyota wote za NASCAR (za zawadi tu, zisizohesabiwa kwenye ubingwa) za Mei 2023 zitafanyika North Wilkesboro. Mbio za udongo za Oktoba zimefutwa. Lami ya 1981 haing'olewi.

Wapo waliokasirika, na nawaelewa: kuona magari kwenye udongo ule ingekuwa kurudisha miaka ya 1950. Lakini hesabu ya kazi haikuruhusu. Ukikwangua lami Oktoba, unabaki na msingi ulio wazi majira ya baridi, mvua na barafu vikiufanyia kazi, kisha una wiki chache za masika kumwaga lami mpya, kuiacha ikomae na kuifanyia majaribio ya matairi. Kosa dogo moja na Mei hakuna mbio. Ulichonacho kimeshajaribiwa. Kiache.

Kazi ya miezi iliyofuata naipitisha haraka: kuta laini za chuma na povu zimefungwa mbele ya zege kwenye kona, uzio, taa, viti, vyoo, mabomba. Chukueni hili moja: kuta zile za kunyonya kishindo hazikwepeki kwa mbio za daraja hili, na ukishazifunga zinakula upana wa njia. Pima njia yako kabla ya kuahidi daraja la mbio usiloweza kulipokea.

Rangi wameicheza vizuri. Maandishi ya zamani yaliyofifia kwenye kuta na mabango hawakuyapaka upya yote. Mengine wameyaacha yalivyo. Ni rahisi kudhani huko ni kubana matumizi. Mtu akija hapa anakuja kuona uwanja alioachana nao mwaka 1996, na kopo la rangi linaweza kumfukuza.

Mei 2023: mtihani mkubwa

Wiki ya mbio ilianza na mvua. Mbio za mchujo za Jumamosi zilianza njia ikiwa na unyevu, magari yakatolewa na matairi ya mvua, jambo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa mwiko kwenye njia za duara. Liliwezekana hapa kwa sababu uwanja ni mfupi na mwendo si mkali. Wenye viwanja vidogo mlitie akilini: mvua ya rasharasha si lazima iwarudishe watu nyumbani.

Jumapili tarehe 21, raundi 200, zawadi dola milioni moja. Daniel Suárez alianza mbele na kuongoza mwanzoni. Kyle Larson aliingia mapema kubadili matairi, akaadhibiwa kwa kuzidisha mwendo kwenye njia ya matengenezo, akarudishwa mkiani. Kwenye uwanja mwingine mbio zake zingekuwa zimekwisha. Hapa, akiwa na matairi mapya kati ya watu wenye matairi yaliyoliwa, aliwapita mmoja mmoja mpaka akakaa mbele, akaongoza raundi 145 na kushinda. Jana yake alikuwa ameshinda mbio za malori, yaani pikapu za mbio, kwenye njia hiyo hiyo.

Wengine walilalamika kwamba kuanzia hapo mbio zilipoa, na si uongo. Lakini angalieni kilichomtoa Larson mkiani: ni lami mbovu. Tairi jipya kwenye msasa lina thamani, tairi jipya kwenye kioo halina.

Vuli 2023: lami ya 1981 yaondoka

Imetangazwa kuwa njia itakwanguliwa na kumwagwa upya, mara ya kwanza tangu 1981. Mteremko wa mbele na mlima wa nyuma vinaachwa vilivyo, hakuna atakayenyoosha kilichoachwa na Staley.

Sikufurahi, ila kwa upande wa kazi sina hoja ya kupinga. Wilkes iko chini ya milima ya Blue Ridge na baridi yake ni ya kweli. Maji yanaingia kwenye ufa mchana, usiku yanaganda na kutanuka, asubuhi yanayeyuka na kushuka zaidi. Kila mzunguko unainua kipande kidogo kutoka kwenye msingi. Lami ya miaka 42 iliyopigwa viraka inaweza kupita majira mengine mawili, au isipite hata moja, na uwanja wenye mkataba wa televisheni hauwezi kusubiri kuona.

Viwanja vingine vimewahi kusubiri. Atlanta walipanga kumwaga lami mpya mwaka 2017, madereva wakaomba wasiguse, na wakasikilizwa. Lami ile ya 1997 iliendelea mpaka mbio za Julai 2021. Atlanta hawana baridi ya Wilkes.

Kwa wanaotaka kuiga, mambo matatu ya kumwaga lami kwenye kona iliyoinuliwa, ambayo mkandarasi wa barabara za kawaida anaweza asikuambie.

Kwanza, rola hupenda kuteleza kuelekea chini na kuisukuma lami ya moto. Kwenye nyuzi 14 dereva mzoefu anamudu, akianza kushindilia kutoka ukingo wa chini kupanda. Kwenye viwanja vyenye mwinuko wa nyuzi 30 na zaidi, mashine hufungwa kwa mashine nyingine iliyoko juu ya ukingo. Usimchukue mtu ambaye hajawahi kufanya kazi ya mwinamo.

Pili, kiungo. Lami humwagwa kwa mikanda, na pale mkanda mmoja unapokutana na mwingine ndipo palipo dhaifu. Ukimwaga mkanda wa pili wa kwanza ukiwa umeshapoa, umejijengea ufa wa kesho. Ni bora mashine mbili ziende sambamba, moja nyuma kidogo ya nyingine, viungo vikutane vya moto. Gharama ya siku hupanda, ya miaka kumi hushuka.

Tatu, joto. Mchanganyiko unafika kwenye nyuzi 150 hivi za Selsiasi, na kazi ya kushindilia inatakiwa iwe imekwisha kabla haujashuka kwenye 80 hivi. Siku ya baridi yenye upepo unapoteza joto hilo kwa dakika chache kwenye tabaka jembamba. Vuli ikienda sana, mwenye hekima husimamisha kazi.

Februari 2024: tundu chini ya jukwaa

Hili halikuwa kwenye mchoro wa mtu yeyote. Wakati wa kusafisha na kukagua majukwaa kwa ajili ya Mei, mafundi walikuta nyufa kwenye zege la sehemu N, wakachungulia chini, wakaona pango. Eneo la wazi la takribani futi za mraba 700, karibu mita za mraba 65, chini ya viti ambavyo watu walikuwa wamevikalia misimu miwili mfululizo. Viti vipatavyo 600 vimeng'olewa ili paweze kutengenezwa.

Watu wote wa Wilkes wana jibu moja: mtambo wa gongo. Kaunti hii ilijulikana Marekani nzima kwa gongo, na magari ya mbio ya mwanzo yalikuwa yale yale ya kukimbiza gongo usiku na polisi nyuma. Pango lina kitu kinachofanana na ukuta ndani yake. Wenye uwanja wameipokea hadithi kwa mikono miwili, na nani angeikataa, inauza tiketi bure.

Mimi macho yangu yako kwenye kitu kingine. Majukwaa mengi ya zamani yalijengwa kwa kumwaga zege moja kwa moja juu ya mlima uliochongwa. Udongo ukishuka au ukiondolewa na maji, zege linabaki limening'inia, na kwa macho huoni chochote mpaka ufa utokee. Robo karne ya maji ya mvua yasiyo na mtaro inatosha kabisa kuhamisha udongo.

Ukaguzi ni kazi ya gharama ndogo: nyundo na masikio. Gonga zege mstari kwa mstari. Mlio mzito, kuna udongo chini. Mlio wa ngoma, weka alama na usiruhusu mtu kukaa. Fanya hivyo kabla ya kuuza tiketi ya kwanza, na urudie kila baada ya masika.

Mei 2024: njia mpya, mbio zilizolala

Tarehe 19. Joey Logano ameongoza raundi 199 kati ya 200. Sihitaji kuongeza mengi.

Lami mpya ina mshiko mwingi, tairi halichakai, mwenye kukaa mbele anakaa. Goodyear, watengenezaji wa matairi, walilijua hili, wakaleta tairi la pili laini zaidi lenye herufi nyekundu, lililokusudiwa kwenda kasi kisha life mapema ili walio na tairi gumu wawakute. Halikufa. Tukio lililozungumzwa zaidi usiku ule lilikuwa ngumi za madereva Ricky Stenhouse Jr. na Kyle Busch baada ya mbio, na ngumi hazikupangwa na idara ya uhandisi.

Kwa matengenezo, kazi imefaulu: njia haikuachia hata punje. Kwa mashabiki, uwanja umepoteza kitu kilichoufanya uitwe North Wilkesboro. Mambo yote mawili ni kweli na mradi unayabeba yote mawili.

Cha kufanya ni kidogo na cha polepole. Mpira wa matairi unaobaki njiani unaweza kuwafungulia madereva mstari wa pili wa kupitia, upande wa juu wa kona. Jua na baridi vitaikausha lami. Kila mbio ndogo inayoendeshwa hapa, ya vijana wa magari ya daraja la chini, inasaidia kuizeesha njia. Hapo ndipo mbio za wenyeji zinapoilipa kazi ya wakubwa, ingawa hakuna anayeziandika kwenye bajeti kwa jina hilo.

Mei 2025: dalili

Raundi zimeongezwa kuwa 250, na mwandalizi kapewa haki ya kutoa bendera ya njano, ile ya kupunguza mwendo, mara moja kwa hiari yake ili kuwakusanya madereva. Wapenzi wa mbio safi wamenuna. Bendera ikatoka, Logano akabaki njiani, Christopher Bell akaingia kwa matairi mapya. Raundi chache kabla ya mwisho Bell alimfikia, akamgusa, akapita, akashinda. Mwaka mmoja kabla yake, tairi jipya halikuwa na maana yoyote hapa. Lami imeanza kuuma.

Rockingham, waliopata milioni 9 kwenye bajeti ile ile ya 2021, nao wamepokea mbio za NASCAR za daraja la pili na za malori mwezi Aprili. Fedha ile imezaa viwanja viwili vilivyo hai ambavyo vyote vilikuwa vimeandikwa marehemu.

Hata hivyo kuna swali ambalo wenzangu wananiuliza na silikwepi: uwanja huu unamtumikia nani siku zisizo na televisheni? Mwendo wa saa moja hivi kutoka hapa, Winston-Salem, kuna Bowman Gray, mali ya mji, njia ya robo maili inayozunguka uwanja wa mpira wa Kimarekani wa chuo kikuu. Mbio za NASCAR zipo pale tangu 1949, na majira ya joto Jumamosi usiku fundi wa karakana anagongana na jirani yake mbele ya watoto wao. Februari mwaka huu nao walipokea wakubwa, wakafungiwa kuta laini na taa, kisha Jumamosi zao zikaendelea. Kwa klabu ya nyumbani yenye mfuko mdogo, Bowman Gray ni kielelezo cha kalenda, North Wilkesboro ni kielelezo cha ukarabati. Msivichanganye.

Agosti 2025: tarehe yarudi

Kalenda ya 2026 imetoka. Mbio za nyota wote zinahamia uwanja wa Dover, jimbo la Delaware. North Wilkesboro wamepewa mbio za pointi, yaani za kuhesabiwa kwenye ubingwa, tarehe 19 Julai 2026, za kwanza tangu Septemba 1996.

Kwa kazi, maana yake ni hii. Mbio za pointi zina magari mengi zaidi njiani kwa wakati mmoja na muda mrefu zaidi, na Julai ni joto badala ya masika. Kabla ya siku hiyo nataka kuona viungo vya lami kwenye kona ya kwanza na ya pili, hasa mstari wa chini ambako uzito wote hulalia. Nataka kusikia mlio wa zege la sehemu N baada ya baridi mbili. Na nitakwenda kusimama karibu na vyoo bendera nyekundu ya kusimamisha mbio ikitoka, maana milioni 18 zitajibu pale. Ingizo lijalo litakuwa baada ya Julai.